Dole gumba ndani ya eda: uchambuzi wa kisa cha mjane wa shamba la karafuu, Pemba

Mjane wa kisa hiki anaishi katika shehia moja ya Wilaya ya Wete. Mumewe alifariki msimu wa karafuu ukikaribia, akamwachia watoto watatu: mvulana wa miaka 15 na wasichana wawili, mmoja wa miaka 12 na mwengine wa miaka 7. Eda haijafika nusu, wakaja wazee wa upande wa mume pamoja na shemeji yake. Walikuja na karatasi. Ilisema kwamba amepokea shilingi 300,000 na kwamba yeye na watoto wake hawana tena madai katika shamba wala nyumba. Hakusomewa yote, aliambiwa tu kuwa ni ya kuondoa maneno katika familia. Akatia dole gumba. Baada ya muda mfupi wachumaji waliingia shambani, wakachuma mikarafuu yote 74, karafuu zikaanikwa na kuuzwa, naye yuko ndani na nguo zake za eda.

Niseme mapema kwamba kisa hiki nimekijenga kutokana na mambo yanayojirudia katika mizozo ya mirathi ya mashamba ya karafuu. Hakuna familia moja ya kunyooshewa kidole. Hesabu za mafungu, hata hivyo, ni hesabu halisi za faraidhi, yaani mgao wa urithi wa Kiislamu, na milango ya kisheria nitakayoitaja ndiyo milango iliyopo Zanzibar.

Swali aliloleta, na shauri lililokuwa chini yake

Mjane hakuuliza habari za mirathi. Alimtuma binti yake wa miaka 12 kwa msaidizi wa sheria wa shehia na swali moja: je, anaruhusiwa kubaki katika nyumba ile mpaka eda iishe? Alikuwa amesikia kwamba shemeji anataka kumweka mpangaji.

Hapa ndipo kazi ya msaada wa kisheria inapoonesha thamani yake au inapopotea. Msaidizi mwenye haraka angejibu kwamba mjane hukaa eda katika nyumba aliyokuwa akiishi na mumewe, asitolewe, kisha akafunga daftari. Jibu lingekuwa sahihi, na mjane angetoka eda mwezi wa tano hana nyumba, hana shamba, na watoto wake hawana kitu. Mtu maskini mara nyingi huja na kile kipande cha tatizo anachoona anastahiki kukiuliza. Kilichobaki hukiona ni majaaliwa yake.

Msaidizi wa kwanza alifanya jambo moja zuri sana. Alikuwa binamu wa shemeji, akasema wazi kwamba hawezi kulishika jambo hili, akalipeleka kwa mwenzake wa shehia ya jirani. Kisiwani Pemba, ambako kila mtu ana udugu na kila mtu, hili si jambo dogo. Siri ikivuja mara moja tu, wanawake wa kijiji kizima wataacha kuja.

Msaidizi wa pili, mwanamke wa makamo, alimfuata mjane nyumbani. Watu wengi wanaamini mwenye eda hatoki kwa hali yoyote, na ingawa wanazuoni wengi wanamruhusu kutoka mchana kwa haja ya lazima, kumlazimisha mjane kubishana na mtaa mzima juu ya suala hilo siku anayotafuta haki yake ni kumzidishia mzigo. Alikaa naye chumbani peke yao. Alipoambiwa na wifi mtu mzima kwamba naye akae asikilize, alijibu kwa adabu, "Niwie radhi dada, zamu yako nitakuja kwako mwenyewe." Maneno hayo yalikuja kuzaa matunda baadaye.

Maswali yake yalikuwa mepesi. Nani alimzaa marehemu, na nani kati yao yu hai? Shamba lilikuwa la nani kabla? Mikarafuu ipi aliikuta na ipi aliipanda mwenyewe? Nyumba ilijengwa lini, mabati yalinunuliwa kwa fedha gani? Mahari ililipwa yote? Kutokana na majibu hayo shauri lilijitokeza, nalo halikuwa moja.

Mali ya baba, mali ya mtoto

Hoja ya shemeji ilikuwa, "Hili shamba la ukoo, la baba yetu." Ndani yake mna ukweli, na kwa sababu hiyo ilimnyamazisha kila mtu. Kati ya mikarafuu 74, mikarafuu 40 ilikuwa ya baba yao, aliyefariki miaka mingi nyuma. Urithi wake haukuwahi kugaiwa. Hali hii imeenea mno Pemba: mzee anafariki, watoto wanasema "tuache tu, tunachuma pamoja", kisha anafariki mtoto mmoja, na mali mbili za marehemu wawili zinakuwa zimeshikana. Wenye elimu ya faraidhi huita hali hiyo munasakha, na utatuzi wake ni kugawa ya kwanza kwanza, kisha ya pili.

Baba aliacha mke, ambaye ni bibi kizee aliyeko mpaka leo, watoto wawili wa kiume, yaani marehemu na shemeji, na binti mmoja, ndiye wifi. Mke ana thumuni, yaani moja ya nane, mikarafuu 5. Inayobaki 35 hugaiwa mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja: kila kaka 14, wifi 7. Kwa hiyo "shamba la ukoo" lilikuwa na mikarafuu 14 ambayo ilikuwa mali ya marehemu tangu siku baba yake alipokufa, hata kama hakuna aliyeiwekea alama.

Juu ya hiyo 14, marehemu alipanda mwenyewe mikarafuu 34. Jumla yake 48. Na warithi wake ni nani? Mke, mama, mtoto wa kiume na mabinti wawili. Kwa kuwa kuna watoto, mke ana thumuni na mama ana sudusi, yaani moja ya sita, kinachobaki ni cha watoto. Mali ikikatwa mafungu 96, mke anapata 12, mama 16, mvulana 34, na kila binti 17. Kwa mikarafuu 48 ni sawa na mke 6, bibi kizee 8, mvulana 17, na mabinti wawili pamoja 17.

Kaka wa marehemu hayumo. Mtoto wa kiume anamzuia. Shemeji ana mikarafuu yake 14 kwa baba yake, hapana anayeweza kumnyang'anya, lakini kwa kaka yake hana hata jani. Shamba la mikarafuu 74 alilolichuma lote, mwenyewe alikuwa na 14. Mjane na watoto wake walikuwa na 40.

Bila shaka miti hailingani. Mkarafuu mkongwe unaozaa sana hauwi sawa na mche wa miaka sita, na ugawaji wa kweli hufanywa kwa thamani. Lakini kwa mtu aliyeambiwa hana kitu, hesabu ya miti ndiyo inayoingia akilini kwanza, na msaidizi alifanya vyema kuianza huko.

Kuna ukweli mwengine aliomwambia mjane, ambao haukumfurahisha. Mkwe wake, bibi kizee, anapata zaidi yake katika mali ya mumewe: 8 kwa 6. Mjane alilia. Ninaipenda sehemu hii ya kazi yake kuliko zote, kwa sababu ni rahisi kumpa mnyonge hesabu inayompendeza. Msaada wa kisheria unaoficha fungu la mwengine humpeleka mteja wake mahakamani akaaibike.

Yanayotangulia mirathi

Kabla ya mafungu hayo kuna mambo yanayotoka kwanza: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wosia usiozidi thuluthi. Shemeji alilipa sanda na khitma kutoka mfukoni mwake. Sanda na gharama za kuzika ana haki ya kurejeshewa, na hilo liliandikwa bila ubishi. Khitma ni jambo jengine, hiyo ni sadaka ya aliyeifanya.

Upande wa mjane kulikuwa na madeni mawili ambayo hakujua kuwa ni madeni. La kwanza ni mahari. Nusu yake ilibaki tangu siku ya harusi, na mahari isiyolipwa ni deni juu ya mume, hulipwa kabla ya kugawa chochote. Hakuna aliyelitaja kwenye kikao cha karatasi, na mjane mwenyewe aliona haya kulitaja.

La pili ni nyumba. Kwa miaka kadhaa alilima mwani, na mabati yote pamoja na sehemu ya saruji vilitoka kwenye fedha hizo. Sheria ya Mahakama ya Kadhi Namba 9 ya 2017 iliweka mbele ya Kadhi suala la mchango wa mwanandoa katika mali ya ndoa, na watu wengi wanaifahamu kwa upande wa talaka. Katika kifo hoja ni ile ile kwa msingi wake: alichochangia mke ni chake, hakiingii katika tirka, yaani mali aliyoiacha mume, kikagaiwe kwa wengine. Kinachotakiwa ni ushahidi. Daftari la mnunuzi wa mwani, stakabadhi ya duka la mabati, fundi aliyeezeka.

Ile karatasi

Watu wa kijijini walikwisha kusema kwamba ametia dole, basi yamekwisha. Hata baadhi ya wanaojua sheria kidogo walisema hivyo. Nadhani hapa pana kosa kubwa kuliko yote katika namna tunavyosuluhisha mirathi vijijini, na nitakaa hapa kidogo.

Mrithi kujitoa katika urithi kwa kupewa kitu maalumu kunaruhusiwa, fiqhi inakuita takharuj. Lakini mtu hujitoa katika anachokijua. Mjane huyu hakujua kuna mikarafuu 48 ya mumewe, hakujua kuhusu thumuni, hakujua mahari ni deni. Alipewa shilingi 300,000. Kwa bei ya shilingi 14,000 kwa kilo, ambayo wakulima waliizoea kwa miaka kadhaa kwa karafuu za daraja la kwanza, fedha hizo ni kilo 21 na kidogo za karafuu kavu, kutoka shamba la mikarafuu 74 na nyumba juu yake. Kisha alikuwa katika eda, peke yake, mbele ya wanaume wa upande mmoja. Ridhaa ya namna hiyo Kadhi ana kila sababu ya kuihoji.

Hata tukiichukulia karatasi ile kuwa sahihi kwake yeye, haiwezi kuwa sahihi kwa watoto. Mafungu 68 kati ya 96 ni ya watoto ambao hawajabaleghe au hawajafikia umri wa kujisimamia. Mama yao hana uwezo wa kuwasamehea mali yao. Ami yao vilevile hana. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi Zanzibar, msimamizi wa mali ya mtoto ni baba, kisha babu mzaa baba, kisha wasii waliyemteua, na wasipokuwepo ni Kadhi. Baba amekufa, babu amekufa, wasii hayupo. Kwa hiyo neno la "yeye na watoto wake" lililoandikwa kwenye karatasi lilikuwa halina mwenye mamlaka ya kulisema.

Sulhu ni jambo jema, na Qur'ani yenyewe inasema sulhu ni kheri. Ninachokataa ni kuwakalisha watu kusuluhishwa kabla mmoja wao hajajua fungu lake. Kikao cha aina hiyo hakina pande mbili. Wasaidizi wa sheria wengi wanajivunia idadi ya migogoro waliyoimaliza kwa maridhiano, na wafadhili wanapenda kuiona idadi hiyo kwenye ripoti. Ningefurahi zaidi kuona kila maridhiano ya mirathi yameambatanishwa na orodha ya warithi, orodha ya mali na hesabu ya mafungu, tarehe yake ikiwa kabla ya siku ya kikao.

Kuchagua mlango

Kaka wa mjane alitaka waende polisi, kesi ya wizi wa karafuu. Msaidizi alikataa, na nakubaliana naye. Shemeji ni mshirika halali katika sehemu ya shamba lile, na mtu anayechuma mali ya shirika akapitiliza ni vigumu kumtia hatiani kwa wizi. Angelala ndani siku mbili, akatoka, na mlango wa familia ungefungwa na bibi kizee upande wa mwanawe.

Mlango wa mwanzo ulikuwa wa vyeti. Cheti cha kifo na vyeti vya kuzaliwa vya watoto, vinavyotolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Barua ya sheha, kiongozi wa shehia, kuhusu warithi. Cheti cha ndoa hakikupatikana, lakini aliyeozesha yu hai na shahidi mmoja yu hai, na ndoa huthibiti kwa mashahidi mbele ya Kadhi. Kisha Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana, iliyopo chini ya Sheria Namba 2 ya 2007, ambayo husimamia mirathi ya Waislamu na kutoa hesabu ya mafungu. Ugomvi ukibaki kuhusu nani mrithi au nini ni tirka, ni Mahakama ya Kadhi. Na ugomvi wa ardhi yenyewe, ambayo kwa sheria ya ardhi ya mwaka 1992 ni ya umma na mtu ana haki ya kuitumia, huenda Mahakama ya Ardhi. Mti una mwenyewe, nyumba ina mwenyewe, na haki ya ardhi iliyo chini yake inaweza kuwa na mwengine. Asiyejua hilo anaweza kupoteza mwaka mzima katika mahakama isiyo yake.

Ushahidi mzuri kuliko wote ulitoka mahali ambapo hakuna aliyeufikiria. Karafuu Zanzibar huuzwa kwa Shirika la Biashara la Taifa, ZSTC, na muuzaji hupewa karatasi yenye uzito na fedha. Hivyo haikuwa lazima kubishana juu ya pishi ngapi zilichumwa. Shemeji alipoombwa karatasi zake mbele ya wazee, alizileta.

Sheria ya Msaada wa Kisheria ya Zanzibar Namba 13 ya 2018 iliiweka kazi hii katika mfumo rasmi, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimeifanya tangu 1992, kikiwa na ofisi Unguja na Chake Chake. Jumuiya ya Wanasheria Wanawake, ZAFELA, nayo imo. Msaidizi wa kijijini hasimami mahakamani kama wakili. Anachokifanya ni kumfikisha mtu kwa mwanasheria akiwa na faili lililokamilika, na katika kisa hiki mwanasheria wa Chake Chake alilipokea jambo likiwa limekwisha kupangwa, akahitaji mazungumzo mamoja tu kuandika maombi.

Lakini huduma ya bure haimalizi gharama. Nauli ya kutoka kijijini hadi Wete, na kutoka Wete hadi Chake Chake, picha za vyeti, siku nzima bila kwenda mwanini. Shahidi mzee anahitaji mtu wa kumsindikiza, na huyo naye anapoteza kibarua. Mashauri mengi ya maskini hufa kwa sababu ya nauli ya safari ya pili, na katika bajeti za msaada wa kisheria fungu hilo ndilo linalokatwa kwanza.

Kikao cha pili

Eda ilipoisha kilifanyika kikao chengine, mbele ya sheha na wazee wale wale. Safari hii kila mmoja alikuwa na karatasi ya mafungu mkononi. Msaidizi alikuwa ametimiza ahadi yake kwa wifi: alikwenda kwake, akamweleza kuwa ana mikarafuu 7 ya baba yake ambayo hajawahi kuonja hata msimu mmoja. Wifi alimgeukia kaka yake kikaoni: "Kaka, miaka yote hii ulikuwa ukiniletea mkungu wa ndizi, nami nikikushukuru." Shemeji hakuwa na la kusema. Naye si mtu mbaya kupita kiasi. Alifanya kile alichoona baba zake wadogo wakifanya, na hakuna aliyewahi kumwekea hesabu mbele yake.

Karatasi ya kwanza ilifutwa kwa maandishi. Mikarafuu iliwekewa alama kwa thamani. Bibi kizee alichukua yake yote 13, mitano ya mume na minane ya mwanawe, na alipoombwa awaachie wajukuu alikataa. Ni haki yake kamili. Mauzo ya msimu yalitolewa ujira wa wachumaji, kisha katika sehemu ya marehemu zikatolewa gharama za maziko na nusu ya mahari, kinachobaki kikagaiwa. Shemeji hakuwa na fedha zote mkononi, akakubali kulipa kwa awamu mbili kutokana na mikarafuu yake mwenyewe msimu unaofuata. Makubaliano yalipelekwa kwa Kadhi ili yawe na nguvu ya amri, na sehemu ya watoto iwekwe chini ya uangalizi wake. Ingeachwa katika daftari la sheha peke yake, awamu ya pili ingebaki kuombwa kwa hisani.

Nyumba haikupatana. Shemeji anakubali kwamba mjane alilima mwani, anakataa kwamba mabati yalitoka huko. Stakabadhi ya duka ina jina la marehemu, kama ilivyo kawaida mke anapompa mume fedha akanunue. Daftari la mnunuzi wa mwani lina miaka miwili tu kati ya mitano. Anayejua vizuri ni fundi, na fundi alihamia Unguja. Shauri hilo liko kwa Kadhi, na hatua inayofuata ni kupata maelezo ya fundi kwa maandishi kabla ya siku ya kusikilizwa, kisha kutafuta nauli ya boti ya kwenda na kurudi ili aje ayaseme mwenyewe. Mjane na watoto wanaendelea kukaa katika nyumba ile, na hakuna mpangaji aliyeingia.